Pofu wa Harusi na Bunduki Ndogo

Mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye ngazi za ghorofa letu, mlangoni mwa msikiti, hata kwenye foleni ya teksi: Hamisi, nyama iko wapi, na harusi imekuwaje? Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikifika kwa mtu wa tatu kinakuwa kimeota pembe. Naandika yote mara moja, anayetaka asome. Mambo ya kutafuta shamba la kuwindia, fomu na vibali nayaruka, hayana utamu. Jueni tu kwamba nilikuwa nimebakiza wiki mbili kumwoa Zuhura, binti wa Mzee Bakari, na nilikwenda Limpopo, kaskazini ya Pretoria, kuleta nyama ya walima.

Berea: baraza la wasiojua

Mzee Bakari mnamjua, ni yule fundi cherehani kutoka Buyenzi, Bujumbura, mwenye kofia nyeupe isiyochafuka. Baba yake enzi hizo alikuwa akileta nyama ya porini kila harusi ya ukoo, naye akala yamini kwamba binti yake wa mwisho hataolewa kwa kuku wa supamaketi. Alitaka pofu. Pofu ni mnyama mkubwa kuliko ng'ombe dume, nyama yake haina shombo, na mmoja anatosha ghorofa zima na majirani. Alijua pia kwamba kabla sijaja kulinda maegesho ya magari huku, nilifanya kazi miaka tisa katika mapori ya Rungwa, nikiwabebea wawindaji bunduki na kuwafuatia nyayo. Basi mimi ningepiga, yeye angechinja kwa mkono wake na kisu chake. Hapo hakukuwa na mjadala.

Mjadala ulikuwa kwenye ukubwa wa risasi. Shamba lile huazimisha wageni bunduki za aina tatu. Kuna ya 243, yenye kirisasi chembamba, bunduki ya swala. Kuna ya 30-06, ya katikati. Halafu kuna ya 375, ambayo ukiipiga vibaya bega lako linakukumbusha wiki nzima. Jioni ile sebuleni kwa mzee, hapa Berea, tulikuwa watu wanane, na ajabu ni kwamba wasiowahi kushika hata manati ndio waliokuwa na sauti. Kinyozi wetu alisema risasi kubwa inasaga nyama. Muuza viatu akasema risasi kubwa inaacha sumu ya risasi kwenye mafuta. Wote wakaafikiana kwa vichwa, wataalamu hao.

Mzee Bakari alikuwa na hoja yake, na ndiyo iliyoshinda.

"Sikia, mwanangu," aliniambia. "Hiyo kubwa inaua palepale. Nikifika na kisu, nachinja nini? Maiti? Hicho ni kibudu, na kibudu sitawalisha watu kwenye harusi ya mtoto wangu. Donc, tutachukua ndogo. Imwangushe, alale, anisubiri mimi."

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, nilikwisha kumwuliza sheikh wetu, akaniambia anayetaja jina la Mungu wakati wa kufyatua risasi, windo lake ni halali hata likifa kabla ya kisu. La pili lilikuwa zito zaidi. Kule Rungwa sisi Waislamu tuliobeba bunduki tulikuwa tukikimbia na visu kila mnyama akianguka, na tuliwakuta pofu wangapi, waliopigwa kwa 375 hiyohiyo, wangali wanapepesa macho! Mnyama wa kiwiliwili kile hafi kama taa inavyozimwa. Risasi kubwa inamlaza akusubiri, ile ndogo inamtia kichaa akimbie.

Nilianza kusema. Nikasema, "Baba, kule Rungwa..." Akainua kiganja.

"Wewe ni mwindaji. Mimi ni mzazi."

Zuhura alikuwa akipita na sinia la chai. Alinitazama, akasubiri kidogo, kisha akaendelea na vikombe vyake. Nami nikaimeza Rungwa yangu pamoja na chai. Nilijiambia mkwe habishiwi, hasa kabla ya harusi. Nilijiona nina adabu sana.

Barabara ya kaskazini: gari la Papa Espoir

Tuliondoka Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, watu watatu kwenye pikapu ya Papa Espoir, Mkongomani wa Uvira, Mkristo, fundi wa kuchomelea vyuma kule Jeppestown. Nyuma tulipakia masanduku mawili ya barafu, magunia ya chumvi, na beseni jipya ambalo Zuhura alinunua kwa ajili ya maini. Mzee alikaa dirishani na kisu mapajani, kimefungwa taulo. Alikuwa amekinoa siku tatu.

Tulipoipita Pretoria gari likaanza kuchemka. Papa Espoir akaegesha kando, akafungua boneti, mvuke ukamkimbiza.

"Mukubwa, hii gari ni muzee," alimwambia Mzee Bakari. "Iko inaomba maji kama wewe unaomba chai."

"Ulisema umeitengeneza."

"Nilitengeneza breki, bana. Ulitaka isimame, sasa haijasimama?"

Bomba la rejeta lilikuwa limepasuka. Tulikaa pale karibu saa tatu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa ng'ambo ya barabara alivuka na madumu mawili ya maji kabla hatujamwomba, akatuletea na kipande cha mpira wa baiskeli cha kufungia bomba. Aliuliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia tunakwenda kuwinda pofu alicheka mpaka akashika kiuno, akatutazama sisi, akalitazama gari, akacheka upya. Nikampa mkono wa shukrani, naye akanipa machungwa sita. Huyo ndiye mtu pekee wa safari ile ninayemkumbuka bila kukunja uso.

Njaa ilipobana, Papa Espoir alijinunulia pai ya nyama kwenye kituo cha mafuta akaila mbele yetu, akisifu kila tonge. Mzee hakugusa kitu ambacho hakujua kimechinjwa na nani. Mimi na yeye tulikula mkate, samaki wa kopo na yale machungwa. Alinimenyea machungwa kwa vidole vyake na kunikabidhi vipande kimoja kimoja, kama mtoto wake. Nasema haya ili msidhani ni mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningembishia mapema.

Getini: nafasi zimejaa

Tulifika shambani saa tisa alasiri. Mlinzi wa geti alitutazama, watu weusi watatu kwenye gari bovu, akatupungia mkono turudi tulikotoka.

"Kazi ya uzio imejaa," alisema. "Jaribuni mwezi ujao."

Nikamweleza kwamba sisi ni wageni, tumekuja kuwinda. Akasema ndiyo, na wapishi pia wamejaa. Ilibidi nimtajie jina la meneja mara tatu ndipo akaongea kwenye redio yake, na hata alipofungua geti aliuliza mabosi wetu wanakuja nyuma na gari gani. Mzee Bakari alirekebisha kofia yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anasema nini huyu?" Nikamwambia anatukaribisha. Huo nao ulikuwa uongo wa adabu.

Mke wa meneja alituletea sahani ya soseji za kuchoma. Mzee aliuliza kama zina nguruwe. Mama wa watu akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, kidogo, ndiyo maana ni tamu. Zilirudi jikoni zilivyokuja, naye kutoka hapo hakutusalimia tena.

Meza ya bunduki

Jioni ileile meneja alipanga bunduki tatu mezani chini ya kibanda cha bati ili tujaribu shabaha. Nilianza na 375. Ilinisukuma nikaenda hatua moja nyuma, lakini risasi ilikaa katikati ya bati. Bega liliuma na moyo ulifurahi, maana ilikuwa miaka sita sijasikia mlio ule. Kisha nikajaribu 243. Tamu, nyepesi, haisukumi, nayo ikapiga palepale.

"Kwa pofu, watu wa hapa huchukua hii kubwa," meneja alisema. "Hiyo ndogo ni ya swala. Lakini wateja ni ninyi. Damu ikidondoka, mnyama ni wenu, awe amelala au amekimbia."

Mzee aliniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, hilo nashukuru. Akaweka kidole juu ya ile ndogo.

Kulikuwa na mfuata nyayo wa shamba, mtu mzima wa makamo aitwaye Philemon, mkimya, kiatu kimoja kimefungwa waya. Tulipokuwa tukiokota maganda ya risasi alinisogelea. Tulizungumza Kizulu chetu cha mjini, chake kibovu, changu kibovu zaidi.

"Wewe umefanya kazi hii. Naona unavyoshika," aliniambia. "Mwambie mzee."

"Yule ni baba mkwe wangu."

"Eish," alisema Philemon, akaendelea kuokota maganda.

Kichakani

Jumapili saa tatu asubuhi tulilikuta kundi kwenye miti ya miiba karibu na bwawa, pofu kumi na mmoja. Dume mmoja alisimama ubavu, shingo nene, ngozi ya shingoni ikining'inia, hatua themanini hivi kutoka kwetu. Philemon alinisimikia miti mitatu ya kuegemeza bunduki. Yeye mwenyewe alibeba 375 begani, ndiyo sheria yao kila wanapofuatana na mgeni. Nyuma yangu mzee alininong'oneza sikioni.

"Usimpige moyo. Bega. Mvunje bega tu, alale."

Nikataja jina la Mungu, nikapiga bega.

Sauti ya risasi ikigonga mwili naijua, ni kama mtu anapiga zulia kwa fimbo. Niliisikia. Dume alijikunja, akayumba, kwa muda mfupi nikadhani mzee alikuwa sahihi na mimi ndiye mjinga. Mzee alikwisha kulifungua taulo na kuanza kukimbia. Kisha pofu akanyanyua kichwa, akaondoka na wenzake kwa miguu mitatu, na kichaka kikawafunga. Philemon hakupata hata nafasi ya kuinua bunduki.

Tulifuata. Mwanzoni damu ilikuwa nyingi, na ndani yake vipande vyeupe vya mfupa. Risasi ilikuwa imepasukia juu ya bega, haikuingia ndani. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa unaburuzwa, umechora mstari kwenye mchanga. Kufika saa sita damu ilikuwa tone kwa hatua kumi. Saa tisa hapakuwa na tone, ulibaki mstari tu, ukipanda mawe, ukipotea, Philemon akiuokota tena upande wa pili. Mara mbili tulimsikia akivunja matawi mbele yetu, hatukumwona. Mzee alitembea yote hayo bila kulalamika, na kila tuliposimama aliniuliza, "Yu hai?" Nikimjibu yu hai, anasema "Alhamdulillah," na mimi nilitamani kukitupa kile kisu chake bwawani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika ni la pofu.

Giza lilitukuta mbali na gari, tukarudi mikono mitupu.

Jumatatu: hatua thelathini

Tulimpata asubuhi, baada ya kutafuta saa moja tu, amelala kwenye kona ya uzio ambako hakuweza kwenda mbele. Meneja alikuwa amekwenda kufunga tela, tukabaki na Philemon. Nzi walikuwa wameshaanza kwenye lile bega. Pofu alitutazama. Alikuwa hai, kama tulivyotaka.

Mzee akanipa kofia yake nimshikie, akamwendea na kisu, taratibu, akisoma dua. Alipobakiza hatua tano pofu akainuka. Sijui nguvu ilitoka wapi. Akageuza pembe, mzee akaruka nyuma, naye akaenda zake akichechemea hatua thelathini, akalala tena. Mzee akamfuata. Akainuka tena, hatua thelathini, akalala. Mara ya tatu alitoa sauti, na pofu si mnyama wa kelele. Miaka tisa Rungwa sikuwahi kumsikia akitoa sauti ile.

"Mzee, inatosha," Papa Espoir alisema. Utani ulikuwa umemtoka. "Hii kitu haiko mzuri."

"Anachoka," alijibu mzee, anahema. "Tumwache achoke. Akichoka nitachinja."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Si kwa sababu ya mzee. Niliona aibu kwa sababu kila hatua ya yule mnyama niliijua tangu Berea, tangu nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nilimnyooshea Philemon mkono. Hakuuliza, alinipa ile 375. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar, kwa sauti yangu ya kawaida, nikapiga nyuma ya bega, moyoni.

Mzee Bakari alikimbia. Mtu wa umri wake, mchanga, miiba, alikimbia na kisu mpaka akafika, akapiga goti. Akavunja unyasi mrefu akaugusisha kwenye jicho la pofu, kama tunavyofanya wote kupima kama uhai upo. Jicho halikupepesa. Akagusa la pili. Halikupepesa.

"Ulisema Bismillahi?" aliniuliza, hajainua kichwa.

"Nilisema, baba."

"Sikusikia."

Papa Espoir akasema yeye amesikia. Mzee akamjibu kwamba ushahidi wake katika jambo hili haufai. Akautupa unyasi. Akakifuta kisu kwenye taulo pande zote mbili, ingawa hakikuwa na kitu. "Kibudu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti ilimkatika.

Mnisamehe, nitasema ninavyoona. Kama yule pofu alikuwa haramu, haikuwa kwa risasi ile ya pili. Sisi tulimla tangu Jumapili asubuhi, kwa saa zote zile alizoburuza mguu.

Nyama walichukua wafanyakazi wa shamba. Walishangilia, wakatuita watu wema. Philemon alinipa mkono kwa mikono miwili. Papa Espoir aliomba paja moja, akasema, "Mimi si niko Mukristo?" akalitia kwenye sanduku letu juu ya barafu yetu.

Kurudi

Kutoka kule mpaka Pretoria hakuna aliyesema neno, isipokuwa gari, ambalo lilichemka mara mbili. Nilingoja nisikie hukumu yangu. Nilikwisha kuipanga kichwani: mkwe mkaidi, mtu asiye na heshima, tafuta mke kwenu Itigi. Tulipoingia Berea na Papa Espoir akazima injini, mzee alibaki kwenye kiti.

"Harusi iko palepale," alisema. "Tutachinja kondoo. Wewe ulikosa subira, na mimi nilikosa... Bon. Tuyaache."

Akashuka na kisu chake. Niliposhika ngazi za ghorofa nilikuwa karibu kuimba.

Randburg: saa ya chakula

Kesho yake mchana nilimfuata Zuhura kazini, kwenye lile duka la kurekebisha nguo huko Randburg. Tulikaa kwenye benchi la nje, nikamsimulia yote. Nilisimulia vizuri, nadhani. Nilipofika pale nilipochukua bunduki kwa Philemon nilitegemea anishike mkono.

"Ulijua kwamba ile ndogo haitamwangusha?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu sebuleni kwenu. Nilianza kusema, baba akaninyamazisha."

"Nilikuona. Nilisimama na sinia nikisema moyoni, atamalizia." Alikuwa anakunja karatasi ya mkate wake, ndogo, ndogo zaidi. "Kisha mkakaa naye siku nzima barabarani. Ukakaa naye kwenye meza ya bunduki. Ukakaa naye hapo mnyama aliposimama."

"Zuhura, ni baba yako. Nilimheshimu."

"Nyumbani kwetu wote tunamheshimu hivyo. Mama alimheshimu hivyo mpaka anakufa. Alijua dawa alizochaguliwa na baba hazimsaidii, akazinywa." Hakulia, wala hakupandisha sauti. "Mimi siogopi mtu wa kubishana na baba. Naogopa mtu atakayejua kitu kinaniumiza, akanyamaza kwa adabu mpaka nianze kutoa sauti. Nilidhani nikiolewa ndiyo nimetoka mle ndani, Hamisi."

Akaniambia nisimlaumu baba yake, kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia jioni kuwa harusi haipo. Akasimama, akakung'uta makombo kwenye sketi, akanitazama kama alivyonitazama siku ile na sinia, akasubiri.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na msamaha, nilikuwa na ahadi, nilikuwa hata na hasira kidogo, na yote niliyajua vizuri. Watu walikuwa wakipita na mifuko yao. Alisubiri mpaka mwenye duka akamwita mara ya pili, akaingia ndani, nami nilikuwa bado nimekaa pale kimya.